Kilima cha asubuhi moja karibu na Mombasa: nendeni Rabai, ila mpige hodi kwanza

Kwa ambao hawajasoma kuanzia juu: mwenzetu atakuwa Mombasa siku tatu na mama yake wa miaka 63. Ufuo umewachosha. Anatafuta kilima cha kupanda kwa miguu, chenye historia na mtu wa kuwaongoza, na wawe wamerudi mjini kabla ya saa sita mchana. Waliotangulia wote wamemtuma Shimba Hills.

Siwapingi. Shimba ni kuzuri. Maporomoko ya Sheldrick unapelekwa na askari wa wanyamapori, na palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, Kenya hii huwaoni porini kwingine. Lakini hiyo ni safari ya siku nzima: kuvuka Likoni, gari la kukodi, kiingilio cha hifadhi. Halafu kule maporomoko kwanza mnashuka, na kila hatua mliyoshuka ndiyo mtakayopanda kurudi. Kwa magoti ya miaka 63, mama atakununia mpaka mrudi kwenu.

Mimi nasema Rabai. Kiutawala ni Kaunti ya Kilifi, lakini kwa matatu ni jirani wa Mombasa kabisa. Nimekwenda mara tatu. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe, na naieleza hapa ili wewe usirudie.

Nilikuwa na shemeji yangu, mwalimu wa jiografia, amekuja kututembelea kutoka Dodoma. Nikaona nimfanyie jambo la maana. Nikamchukua kijana mmoja mjini aliyejinadi kuwa anajua Rabai nje ndani. Maneno yake matamu kuliko halua. Tumefika, hatukuingia makumbusho, hatukumwamkia mtu, moja kwa moja tukapandishwa kwenye uwazi mmoja juu ya kilima, na kijana akanyoosha mkono: "Hapa ndipo Rebmann alisimama mwaka 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro."

Shemeji akatazama alikoelekezwa. Minazi. Akaniangalia mimi. Sikuwa na la kusema.

Ukweli ni kwamba Rebmann, mmisionari wa Kijerumani, aliondoka Rabai mwishoni mwa Aprili 1848, na Kilimanjaro aliuona tarehe 11 Mei, wiki mbili za mguu baadaye, akiwa ameshaipita nchi ya Wataita. Na hakwenda peke yake. Msafara uliongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara, pamoja na watu wa Rabai wenyewe. Rebmann ameandika kwamba alipouliza ule weupe wa kileleni ni kitu gani, kiongozi alimjibu neno moja tu: baridi. Mabwana wa jiografia kule London walibisha kwa miaka kwamba karibu na ikweta hapawezi kuwa na theluji, na huku kiongozi wa msafara kitu chenyewe alikwisha kukipa jina na kuendelea na safari. Mimi kila nikilikumbuka hilo nacheka. Bahati mbaya yule kijana wetu hakuwa Bwana Kheri.

Kutoka pale akatuongoza kuelekea msituni, kwenye kaya. Hatujafika mbali, tukamkuta mzee amekaa kwenye gogo chini ya mkwaju, fimbo mapajani. Tukamwamkia, akaitikia. Kisha akauliza, "Mmepita kwa nani?"

Kijana akaanza kujikanyaga. Mzee hakutufokea wala hakuinua sauti. Alisema tu, "Wageni karibuni. Lakini si hivi." Tukarudi chini. Njia nzima shemeji hakunisemesha, na pesa za kijana zilikuwa zimeshaliwa.

Kaya kwa Mmijikenda, yaani makabila tisa ya pwani hii, Warabai wakiwemo, si msitu wa kutalii. Ndio mji wa wazee wa zamani. Masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, huko kaskazini, wakisukumwa na Wagala (leo tunawaita Waoromo), wakaja kujenga miji yao juu ya vilima na kuuacha msitu mnene uzizunguke nyumba kama boma, njia za kuingilia chache na zenye malango. Watu wameshahama siku nyingi, lakini makaburi yapo, maombi ya mvua yanafanywa, na msitu haukatwi. UNESCO waliziingiza kaya hizi kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na za Rabai zimo. Lakini yule mzee hakukaa pale kwa sababu ya UNESCO.

Mara ya pili nilikwenda na mamangu mzazi, ambaye akiona ngazi anaanza kuzihesabu. Safari hii nilifuata utaratibu. Siku moja kabla nilifika makumbusho ya Rabai, nikasema nakuja na mtu mzima na tungependa kupelekwa kaya na mzee anayehusika. Wakaniunganisha. Tukapatana malipo kabla: cha makumbusho kinalipwa makumbusho na kinatolewa risiti, cha mzee anapewa mzee. Hilo la kupatana kabla msilionee haya. Mkiliacha mpaka mwisho ndipo linapoleta maneno.

Tuliondoka Mombasa saa kumi na mbili na nusu. Matatu za Mazeras na Mariakani zipo tangu alfajiri, na mkichelewa mtakula moshi wa malori kuanzia Changamwe mpaka mkaribie Mazeras. Pale mtaona mawe bapa yamepangwa kando ya barabara. Ndiyo hayo hayo mnayoyakanyaga kwenye nyua nyingi za Mombasa. Mshuke, mchukue tuktuk kuingia Rabai. Bodaboda ziko tele ila mama apande tuktuk.

Makumbusho ni madogo, nusu saa yatosha, lakini msiyaruke. Krapf, mmisionari mwenzake Rebmann, mtamsikia sana: alifika Mombasa 1844, na miezi michache tu baadaye, Julai, akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga huku upande wa Nyali, kaburi lipo mpaka leo. Mwaka 1846 akaja Rebmann, wakahamia Rabai pamoja. Rebmann alikaa karibu miaka 29, akaondoka macho yakiwa yamekaribia kuzima kabisa.

Mimi lakini anayenishika ni William Henry Jones, na kama hawakumtaja, waulizeni. Myao, alitekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India, kisha akaja kuwa kiongozi wa Rabai. Askofu Hannington alipoondoka hapa Julai 1885 kwenda Buganda, Jones alikuwa naye. Njiani askofu alitangulia na watu wachache, Jones akabaki na kundi kubwa la wapagazi akingoja habari. Habari ikaja kwamba askofu ameuawa Busoga. Jones akawakusanya waliobaki akawarudisha kwa miguu hadi Rabai, wakaingia Februari 1886. Huyo ni mtu aliyewahi kuuzwa kama mbuzi. Halafu kuna watumwa watoro waliokuwa wamejificha Rabai na vituo vya misheni vya jirani, zaidi ya 1,400, ambao mwanzoni mwa 1889 walipewa hati za uhuru baada ya waliodai kuwamiliki kulipwa fidia. Mamangu hapo aliuliza, "Waliolipwa ni wale waliowafunga?" Ndiyo mama. Akatoka nje akakaa kivulini karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo, lile la mwaka 1887, akasema tumsubiri kidogo.

Mzee wetu alitukuta hapo. Si yule wa kwenye gogo. Huyu alikuwa mwembamba, mcheshi, miguu imekauka kwa vumbi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Na mama huyu ndiye anayetaka kuona mudzi?" Kaya aliyotupeleka inaitwa Mudzi Muvya, na nusu ya maana unayo mdomoni tayari: mudzi ni mji, muvya ni mpya. Alipogundua mamangu anakipata Kirabai kwa kukisia, akaacha Kiswahili chake cha wageni, wakawa wanapokezana maneno njia nzima. Mimi nikageuka mbeba chupa za maji.

Njia inapanda, lakini si kwa ukali. Kwa mwendo wa mama ilituchukua kama nusu saa, kwanza katikati ya mashamba ya minazi na mihogo, wagema wako juu ya minazi saa hiyo, kisha kivuli kikaingia ghafla na hewa ikabadilika. Hapo mzee akasimama. Akavua kandambili, akamfunga mamangu shuka nyeusi kiunoni, mimi nikavua kofia. Akachuchumaa, kiganja kimoja akakiweka chini kwenye majani makavu, akasema na wenyewe, wazee waliolala humo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na jirani aliye upande wa pili wa ua. Nililidaka neno la wageni. Nikadaka pia idadi yetu. Akangoja. Sijui alingoja nini, ila hatukusogea mpaka alipoinuka.

Masharti akayasema mara moja: mguu usitoke njiani, usichume, usivunje hata kijiti kikavu, picha mpaka aseme yeye. Lilipozikwa fingo, ile kinga ya kaya, mgeni hapelekwi, wala msiombe. Ndani kuna miti ambayo huku mjini tunaijua kwa milango tu, mivule na mibambakofi, mingine huwezi kuikumbatia ukashikanisha mikono.

Pa kutazamia pako ukingoni, msitu unapofunguka. Chini yenu minazi, halafu maji ya hori yanang'aa kama bati jipya, kisha kisiwa cha Mombasa kimelala bapa, makreni ya Kilindini yamesimama kwenye ukungu, na nyuma yake mstari wa bahari. Asubuhi na mapema unauona vizuri. Saa nne ikipita jua linaupausha wote. Nikasema, pazuri hapa. Mzee akanijibu kwamba waliokichagua kilima hiki hawakuja kutafuta uzuri. Hapa alikaa kijana wa zamu, akiangalia nani anatoka pwani na nani anakuja kutoka nyika. Akamwonyesha mamangu kwa fimbo, hiyo njia, na ile, na ile. Tulikaa robo saa nzima bila mtu kutoa simu, na kwangu mimi hilo si jambo dogo.

Sasa aibu yangu ya pili, maana na safari hii sikutoka salama. Tukiwa tunarudi niliona njiani mbegu ya mbambakofi, ile nyeusi inayong'aa yenye kofia nyekundu. Mkono ukainama wenyewe. Sikuchuma, nikajiambia, nimeokota. Nikaitia mfukoni. Mzee alikuwa mbele, anaongea na mamangu, mgongo kwangu. Tulipofika pale alipochuchumaa mwanzo akasimama, bado hajageuka, akasema, "Mwanangu, kilichomo mfukoni kinabaki." Nikaitoa. Akaonyesha niirudishe chini tu, popote. Mamangu aliisimulia hiyo kwa shangazi zangu wote kabla ya wiki kuisha.

Saa nne na nusu tulikuwa Mazeras tena, saa sita kasoro Mombasa. Kwa hiyo wakati wako unatosha.

Yaliyobaki ni madogo. Jumapili iacheni kwa sababu ya ibada. Viatu viwe vya kufunga, na suruali au gauni refu, mbu wa msituni hawana adabu. Maji mbebe kutoka mjini. Noti ndogo ndogo muhimu, msimpe mzee wa watu noti ya elfu mkamwambia atafute chenji. Mnazi mtakaribishwa Rabai, ni mji wa wagema. Mkiunywa uwe baada ya kushuka.

Kama usiku wa kuamkia siku hiyo imenyesha, na hasa mkija Aprili au Mei, pigeni simu muahirishe, maana ule udongo ukilowa unateleza kama bamia na mama hana haja ya kuvunjika nyonga. Siku hiyo mpeleke Ngome ya Yesu. Na hapo ngomeni pia, ukimpata wa kukuongoza, muulize kwanza amepita kwa nani.