Mapipa ya Waragi Yavunjwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni katibu wa wanawake katika halmashauri ya kijiji chetu. Siku hizi wanaume, pamoja na vijana ambao hata ndevu hawajaota, huanza kunywa waragi, ile pombe kali ya kienyeji, kabla ya saa nne asubuhi huku mashamba yakimezwa na magugu. Mwenyekiti anataka mapipa yote ya kupikia yavunjwe, lakini wapikaji wengi ni wajane wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo hiyo. Tufanye nini?

JIBU: Mama, nakuomba umzuie mwenyekiti kwanza. Sheria iliyopitishwa mwaka 1965 ilimtaka kila mpikaji awe na leseni, lakini waragi haikukoma kupikwa vijijini. Pipa likivunjwa leo, mjane atahamia kichakani, na pombe ya kichakani haikaguliwi na mtu. Hatari yake si ndogo: mwezi wa Aprili 2010, makumi ya watu wa Kabale walifariki baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli, sumu ambayo hupofusha macho kabla ya kuua. Mtu yeyote akilalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa, apelekwe hospitali mara moja, wala asiachwe alale eti pombe imtoke.

Wazee wenu walikunywa kwete, pombe ya nafaka isiyo kali, ambayo huchacha baada ya siku chache na kwa hiyo hunywewa kwa pamoja, mbele ya watu wanaoona nani amezidisha. Waragi haiharibiki, ina nguvu mara nyingi zaidi, na huuzwa kwa glasi moja moja tangu alfajiri. Hata baada ya serikali kupiga marufuku viroba, yaani vipakiti vidogo vya pombe kali, mwaka 2019, glasi hiyo bado ipo.

Linaloniumiza zaidi ni mkopo. Mume hunywa kwa deni mpaka mavuno, na muhogo ukishauzwa, fedha hupita kwa muuzaji kabla mke hajaiona hata shilingi. Kwa hiyo waiteni wapikaji wenyewe kikaoni, mkubaliane kwamba hakuna kuuza kabla ya saa kumi jioni, hakuna kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na hakuna kuuza kwa deni kamwe. Mjane anayetaka kuacha kazi hiyo apewe nafasi ya mwanzo ya kukopa katika kikundi chenu cha akiba, ili apate mtaji wa biashara nyingine.

Jambo moja msilikosee. Mtu anayetetemeka mikono asubuhi mpaka anywe, msimfungie ndani ili aache kwa nguvu, kwa maana kuacha ghafla huweza kumletea degedege, kuchanganyikiwa na hata kifo. Mpelekeni kituo cha afya apunguziwe chini ya uangalizi wa wahudumu. Na akihitaji matibabu makubwa zaidi, hospitali ya Butabika mjini Kampala hupokea wagonjwa wa namna hiyo.