Umeila mbegu badala ya kuipanda

Ukitaja tantra, njia mojawapo ya ibada ya Kihindu, kwetu Tanga, watu hufikiria mambo mawili: uchawi au kitanda. Nami nilikwenda kusoma Kolkata, India, na fikra hizo hizo. Nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane, si mbali na hekalu la Kalighat. Kila alfajiri aliketi mbele ya picha ya Kali, mungu wa kike wa Kihindu, mkono ukihesabu shanga ndani ya mfuko wa kitambaa, midomo haichezi. Bibi yangu alikuwa mtu wa tasbihi, kwa hiyo nusu ya jambo niliielewa. Nusu ya pili ilinigharimu.

Nilichukua mantra, yaani neno takatifu la kurudiarudia, kwenye intaneti; silabi moja tu, *krim*. Nikanunua shanga 108 za rudraksha, nikaanza kukimbiza hesabu: mizunguko kumi, ishirini, hadi usiku wa manane. Wiki mbili baadaye usingizi umepaa, hasira ziko puani, na silabi inajirudia kichwani hata darasani. Labda ulikuwa uchovu tu. Lakini nilipomsimulia mwenye nyumba wangu, Mashima (ndivyo Wabengali, wenyeji wa huko, wanavyomwita mama wa rika lake, sawa na mama mdogo kwetu), alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hiyo ni mbegu, mwanangu. Umeila badala ya kuipanda."

Silabi kama hizo huitwa *bija*, yaani mbegu. Kwa watu wa tantra, mantra si maneno ya kumwomba mungu wa kike. Ni yeye mwenyewe katika umbo la sauti. Yale mafuvu shingoni mwa Kali, yanayowatisha wageni, wao huyasoma kuwa herufi 50 za Kisanskriti: amevaa sauti zote. Mbegu hiyo guru, mwalimu wa kiroho, humnong'oneza mwanafunzi sikioni siku ya diksha, yaani ya kumpokea rasmi, na mwanafunzi haitangazi. Guru anamjua mtu wake, humwambia aanze na ngapi na apumzike lini. Simu yangu haikunijua.

Kwa hiyo kama huna guru, anza na jina. Mimi nilipewa "Ma", mama, jina ambalo Bengal nzima humwitia Kali bila kuomba ruhusa ya mtu. Keti saa ile ile kila siku. Dakika kumi zatosha. Shanga ziache kwanza, hesabu kwa pingili za vidole. Anza kwa sauti, baadaye mnong'ono, mwisho moyoni. Wenyewe huiweka ile ya moyoni juu ya zote, ila ukiirukia mapema utajikuta unapanga chakula cha mchana. Nimepanga pilau nyingi sana namna hiyo.

Siku ukishika shanga, zilaze juu ya kidole cha kati, gumba livute, kidole cha shahada kikae kando. Hapo nilitabasamu, maana kwetu ndicho kinachonyanyuliwa kwenye sala. Kwao ni kidole cha kunyooshea watu, cha umimi. Ukifika kwenye ile shanga kubwa, *meru*, usiivuke. Geuza urudi ulikotoka.

Najua wapo watakaoniuliza dini yangu. Hilo nimeliacha baina yangu na Mola wangu.

Usiku wa Kali Puja, sikukuu ya kumwabudu Kali, huangukia mwezi ukiwa gizani, Oktoba au Novemba. Kwingi India usiku huo ni wa Diwali, sikukuu ya taa, na wa Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Bengal ni wa Kali. Mchana wake Mashima aliniita nimsaidie kutunga koja la maua mekundu ya haibiskasi, 108. Yeye alipenyeza sindano, akasema "Ma", akavuta uzi, akachukua ua jingine. Nikamfuata. Kwenye sitini na kitu hesabu ikanipotea, nikamwuliza kama tuyafumue tuanze upya.

Akanisogezea sinia la maua.