Kushusha gia kwa mkono kwenye gari la otomatiki hakuui giaboksi. Joto ndilo linaloiua

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli kwamba kuutoa mkono wa gia kwenye D na kuurudisha kwenye 2 wakati wa kuteremka mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, "kunakula giaboksi", kama ulivyoambiwa na rafiki yako baada ya breki zako kunuka ukitokea Mbeya. Jibu langu ni hapana. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe niliamini maneno hayo kwa miaka kadhaa, na yaliniponza palepale Kitonga.

Mwaka 2011 nilikuwa natoka Iringa kwenda Morogoro kwa Corolla yenye giaboksi ya gia nne, tukiwa watu watano na buti imejaa viazi. Baada ya kupita Ilula tukaanza kuteremka nyuma ya semitrela, mkono wa gia ukiwa kwenye D na mguu wangu ukiwa juu ya breki tangu kona ya kwanza. Katikati ya mteremko kanyagio la breki likaanza kuwa laini na kuzama chini kuliko kawaida, kisha harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani. Tulifika chini salama kwa sababu semitrela iliyokuwa mbele ilikuwa inatambaa, na sisi tukalazimika kutambaa nyuma yake. Tuliposimama Ruaha Mbuyuni, moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye ringi zote mbili za mbele. Dereva wa lori aliyekuwa akinywa chai hapo kando alikuja, akainama kutazama, akaniuliza: "Umeshuka na gia gani?" Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa nilidhani mwenye otomatiki haulizwi swali hilo. Akanipa kanuni ambayo madereva wa malori wanafundishana tangu utingo: mlima unashuka kwa gia ileile ambayo ungeupandia.

Kanuni hiyo inahusu otomatiki pia, tena pengine zaidi. Ukiwa kwenye D, giaboksi huchagua gia kwa kuangalia mwendo wa gari na jinsi unavyokanyaga mafuta. Unapoachia mafuta kwenye mteremko, yenyewe inaelewa kwamba injini haina kazi, kwa hiyo inapandisha gia mpaka ya juu kabisa, na gari linateleza kwa uzito wake. Yapo magari ya karibuni ambayo kompyuta yake inatambua mteremko na kushusha gia yenyewe, lakini mengi ya mtumba tunayoendesha hayana akili hiyo. Kwenye giaboksi ya gia nne, kitufe cha O/D (ovadraivu) kikizimwa kinaizuia gia ya nne isiingie. 2 inazuia kupanda zaidi ya gia ya pili. Na L inakubakiza kwenye ya kwanza. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: katika giaboksi nyingi za aina hii, gia ya kwanza ukiwa kwenye D hushikiliwa na klachi ya upande mmoja, ambayo inasukuma magurudumu lakini haikubali magurudumu yaisukume injini. Ukiweka L, breki nyingine ya ndani inafunga, na hapo ndipo injini inapoweza kulizuia gari. Watengenezaji wenyewe wameiandaa giaboksi kwa matumizi haya unayoambiwa yanaiua.

Najua kinachomtisha rafiki yako ni mngurumo. Mshale wa mizunguko unapanda mpaka 3,500 au hata 4,000, na mtu anahisi injini inapasuka. Lakini ukiachia mafuta huku gia ikiwa imeshika, injini inayopuliziwa mafuta kwa sindano (EFI) hukata mafuta kabisa kwa muda huo. Inazungushwa na magurudumu, haiunguzi kitu. Nguvu inayopita kwenye giaboksi wakati huo ni ndogo kuliko ile inayopita unapoupanda mlima huohuo na abiria wanne. Cha kuzingatia ni kupunguza mwendo kwanza kwa breki, ndipo ushushe gia. Kwa gari dogo la gia nne, mimi huzima O/D nikiwa chini ya 80, huingiza 2 nikiwa chini ya 60, na L sigusi kabla ya kufika 30. Kutoka hapo breki unaikanyaga kwa uthabiti mwendo unapozidi, kisha unaiachia kabisa ipoe. Usiuache mguu umelala juu yake.

Usikubali kabisa ushauri wa kuweka nyutro ili kuokoa mafuta. Kwanza hauokoi, kwa sababu nyutro inailazimisha injini iunguze mafuta ili isizime, wakati kwenye gia ingekuwa imeyakata. Pili, pampu ya mafuta ya giaboksi inaendeshwa na injini. Injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, pampu inazunguka polepole huku magurudumu yakizungusha vyuma vya ndani kwa kasi ya barabara kuu. Na ukirudisha D ghafla ukiwa kwenye 90, sahani za klachi ndizo zinazobeba tofauti hiyo.

Giaboksi inachoka zaidi kwenye kupanda kuliko kwenye kushuka, jambo ambalo watu hawalizungumzi. Gari lenye mzigo likiachwa kwenye D mlimani linabadilisha gia tatu, nne, tatu, nne, kila dakika, na toki konveta, chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi, inafunga na kufungua bila kutulia. Kila mabadiliko ni msuguano, na kila msuguano ni joto. Zima O/D, liache litulie kwenye ya tatu. Vilevile, usilishikilie gari kwenye kilima cha foleni kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo, shika breki. Joto linalozalishwa hapo kwa dakika chache linatosha kuyaunguza mafuta ya giaboksi.

Mafuta hayo, ambayo wengi wetu tunayaita haidroliki, ndiyo roho yenyewe: yanalainisha, yanapoza, na presha yake ndiyo inayobadilisha gia. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia au kwenye kitabu cha gari, iwe T-IV, WS au nyingine, na usikubali fundi akwambie kwamba "zote ni nyekundu". Wenye CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua) wasiweke haidroliki ya kawaida hata kidogo, kwa sababu mkanda wake wa chuma unategemea mafuta yake maalumu. Kwa gari lenye kijiti, kama kitabu chake hakisemi vingine, pima likiwa sehemu tambarare, injini ikiwa imepata moto na inaunguruma, baada ya kuupitisha mkono kwenye gia zote na kuurudisha P. Mimi hubadilisha kila kilometa 40,000, nikijua kwamba ukifungua nati ya chini sehemu kubwa inabaki kwenye toki konveta, kwa hiyo narudia baada ya wiki chache. Sampu, yaani bakuli la chini la giaboksi, ikifunguliwa, tazama sumaku iliyomo: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyometameta si vya kawaida.

Giaboksi iliyowahi kunifia ni moja tu, mwaka 2016, na mkono wa gia haukuhusika. Kwa miaka mingi rejeta nilikuwa naijaza maji ya kisima ya Dar es Salaam, yale yenye chumvi, badala ya kulanti. Mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozamishwa majini. Chumvi ililila lile bomba, maji na mafuta yakachanganyika, na nilipochomoa kijiti nikakuta uji mwepesi wa pinki. Fundi alimwaga na kujaza upya mara tatu, bila mafanikio, kwa kuwa maji yanaharibu gundi inayoshika bitana za sahani za klachi. Gari likawa linanguruma bila kwenda, nikaishia eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta giaboksi ya mtumba. Galoni chache za kulanti zingeniepusha na yote hayo.

Mengine ni ya haraka. Simama kabisa kabla ya kuingiza R. Ukiegesha mlimani, weka nyutro ukiwa umekanyaga breki, vuta breki ya mkono, achia ya mguu gari liegemee, kanyaga tena ndipo uweke P, ili uzito usikae kwenye kijino kidogo cha ndani kinachoifunga giaboksi.

Kwa hali yako ya sasa, breki zilizokwisha kunuka zikaguliwe kabla ya safari nyingine. Mwambie fundi atoe magurudumu ya mbele aangalie pedi kama zimeng'aa kama kioo na diski kama zimepinda, kisha amwage mafuta ya breki yote na kuweka mapya, hasa kama hujui yalibadilishwa lini. Hunyonya unyevunyevu kadiri yanavyokaa, na yakiwa na maji huchemka mapema, na ndiyo sababu kanyagio langu lilizama siku ile.