Unataka kandarasi ya kuhakiki programu za NASA? Anza na uhuru wako

Msomaji mmoja wa Maryland, mhandisi mwenye kampuni yake ndogo, ameniandikia akiuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya uhakiki huru wa programu za vyombo vya anga. Ameambatisha orodha ndefu ya lugha za kompyuta na vifaa anavyovimudu. Ila hajaeleza kampuni yake inamfanyia nani kazi leo, na hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa. Najibu hadharani kwa sababu nawajua vijana wetu wengi huko Marekani wenye uwezo mkubwa, na inaniuma kuona maandiko yao ya zabuni yakikwama kwa jambo ambalo wangelijua mapema.

Kwanza ielewe kazi yenyewe. Kituo cha NASA cha uhakiki huru kiko Fairmont, West Virginia. Kilianzishwa mwaka 1993, baada ya ajali ya 1986 ya chombo cha anga cha Challenger kuzaa mapendekezo ya kuwa na jicho la nje kwenye programu muhimu. Tangu 2019 kina jina la Katherine Johnson, mwanahisabati mzaliwa wa jimbo hilohilo. Mhakiki huru haandiki programu, wala harudii majaribio ya aliyeiandika. Anajibu maswali matatu: je, programu itafanya inachotakiwa kufanya? Je, haitafanya isichotakiwa? Na mambo yakiharibika, itafanya kama ilivyotarajiwa? Swali la tatu ndilo linaloleta mkate. Wazabuni wengi wanaandika kurasa nyingi juu ya la kwanza na aya moja juu ya la tatu.

Sasa uhuru. IEEE 1012, kiwango cha uhakiki kilichowekwa na chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, kinautaja kwa sura tatu: wa kitaalamu, wa kiuongozi na wa kifedha. Wa kitaalamu maana yake unalielewa tatizo kwa akili yako, si kwa kunakili uchambuzi wa mwandishi wa programu. Wa kiuongozi maana yake bosi wako si meneja wa mradi unaouhakiki, na wewe ndiye unayechagua sehemu za kuchunguza. Wa kifedha maana yake mradi hauwezi kukukatia fedha ukileta habari mbaya. Ndiyo maana fedha za Fairmont zinatoka kwenye ofisi ya usalama ya makao makuu ya NASA, haziko mfukoni mwa mradi.

Serikali itakupima kwa kanuni za mgongano wa maslahi wa kampuni. Kwa miaka mingi zimekaa kwenye sehemu ya 9.5 ya FAR, yaani kanuni kuu za ununuzi wa serikali ya Marekani. Tangu 2025 FAR inaandikwa upya na namba zinahama, kwa hiyo fuata vifungu vilivyotajwa ndani ya zabuni yenyewe. Migongano iko ya aina tatu. Ya kwanza, uliandika masharti ya zabuni unayoiomba. Ya pili, umeona taarifa za siri za washindani au za serikali ambazo wengine hawakuziona. Ya tatu, utahukumu kazi yako mwenyewe, au kazi ya mtu anayekulipa mahali pengine.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoangusha kampuni ndogo, na makosa yake ni yaleyale kila mara: kampuni ina wahandisi wawili kwa mkandarasi anayejenga chombo, halafu inaomba kukihakiki chombo hichohicho na kuahidi ukuta kati ya timu mbili. Ukuta wa taarifa unasaidia kwenye aina ya pili tu. Kwenye ya tatu hausaidii, kwa sababu tatizo ni maslahi ya kampuni nzima, wala si nani amesoma faili gani. GAO, ofisi inayosikiliza malalamiko ya zabuni, imelisema hili mara nyingi. Linalofaa ni kuachana na mkataba mmoja, au kumpa kampuni nyingine isiyo na uhusiano sehemu ile yenye mgongano, tena iripoti moja kwa moja kwa serikali bila kupitia kwako. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya andiko lako, chora jedwali: kila mkataba ulio nao, mlipaji, chombo, mfumo mdogo, tarehe ya mwisho. Mfanyie hivyohivyo kila mshirika. Ukikuta mstari mmoja unaogusa chombo kilichotajwa kwenye zabuni, mwandikie afisa ununuzi mapema. Akiugundua mgongano mwenyewe baadaye, umekwisha.

Usajili ni kazi ya makaratasi tu. Unajisajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wazabuni, unapata kitambulisho cha herufi na tarakimu 12 pamoja na namba ya CAGE, ya kuitambulisha kampuni yako serikalini, yenye herufi na tarakimu 5. Ni bure, anayekutoza ada ya usajili wa serikali anakula pesa yako. Jina na anwani viandikwe kama vilivyo kwenye hati za kampuni, hata nukta, maana tofauti ndogo inakwamisha usajili kwa wiki kadhaa. Uhuishe kila mwaka.

Kisha fuatilia matangazo ya kutafuta kampuni zenye uwezo, yale yanayotoka kabla ya zabuni. Watu wanayapuuza kwa sababu hayana malipo. Ni kosa kubwa! Afisa ununuzi akiona kampuni ndogo mbili au zaidi zenye uwezo na bei ya haki, ana msingi wa kuitenga zabuni kwa ajili ya kampuni ndogo peke yake. Msipojibu, anaandika kwamba hakuna aliyejitokeza, na kazi inakwenda kwa wakubwa. Jibu kipengele kwa kipengele, ukitaja chombo, ukubwa wa msimbo, yaani mistari ya programu, dosari ulizozibaini na hatua ya mradi ulipozibaini. Kumbuka pia kwamba ukishinda zabuni ya huduma iliyotengwa hivyo, huruhusiwi kuwalipa wakandarasi walio chini yako wasio na hadhi ya kampuni ndogo kama yako zaidi ya asilimia 50 ya fedha unazopokea.

Bei inahitaji hesabu ya kweli. Tuseme mhandisi analipwa dola 60 kwa saa. Weka marupurupu ya asilimia 30, unapata 78. Gharama za uendeshaji asilimia 20, inakuwa 93.60. Utawala asilimia 10, inafika 102.96. Faida asilimia 7, unafunga kwenye dola 110.17. Anayeandika 85 ili ashinde anaahidi kuwalipa watu kwa fedha asizonazo, na kwenye mikataba ya kurejeshewa gharama wachambuzi wa serikali wataipandisha bei yake wenyewe wanapotathmini. Mikataba hiyo inadai pia mfumo wa hesabu unaotenganisha gharama za mradi na za ofisi, na kila mfanyakazi kujaza saa zake kila siku. Usisubiri Ijumaa ndipo ukumbuke Jumatatu ulifanya nini.

Kwenye sehemu ya utaalamu, waonyeshe ripoti ya dosari unavyoiandika. Chukua Mars Polar Lander, chombo cha NASA cha kutua kwenye sayari ya Mars, kilichopotea tarehe 3 Desemba 1999. Bodi ya uchunguzi iliona sababu inayoelekea zaidi ni kwamba miguu ilipokunjuka, kama mita 1,500 juu ya ardhi, mtikisiko ulifanya vihisi vitoe ishara ya kugusa ardhi. Programu iliitunza ishara hiyo. Chombo kilipofika kama mita 40 ndipo programu ikaanza kuitumia, ikaamini chombo kimeshatua, na injini zikazimwa. Sharti la mfumo lilikuwa limekusudia kukwepa ishara za uongo, lakini kwenye masharti ya programu jambo hilo halikutajwa waziwazi.

Mhakiki dhaifu angeandika: "Mantiki ya vihisi vya miguu iboreshwe." Hilo linajibiwa "tumepokea" na kufungwa. Ripoti inayosimama inasema: sharti fulani la mfumo linakataza kutumia vihisi mapema, sharti la programu halikulirithi lengo hilo, moduli fulani haifuti hali ya kihisi kabla ya kuanza kuisoma, ishara ikitokea wakati wa kukunjua miguu, injini zitazimika chombo kikiwa angani, matokeo ni kupoteza chombo, ukali daraja la 1, yaani la juu kabisa. Hapo kuna ushahidi, hali inayoiamsha dosari, na madhara. Hukuandika namna ya kuirekebisha, kwa sababu ukibuni marekebisho leo, kesho utakuwa unahakiki kazi yako.

Kuna mlango mwingine unaofungwa bila kelele. Msimbo wa vyombo vya anga unalindwa na sheria za Marekani za kudhibiti teknolojia inayotoka nje. Kwa kawaida anayeugusa awe raia, mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, au aliyepewa hadhi ya ukimbizi. Viza ya kazi haitoshi, hata kama umeishi huko miaka kumi. Kwa aliye Nairobi au Dar es Salaam njia iliyo wazi ni kujizoeza kwa vitu vya hadharani: NOS3, kiigizi cha satelaiti ndogo kilichotengenezwa na timu ya Fairmont, na cFS, mfumo wa programu za ndani ya chombo uliotolewa na NASA. Vyote viko huru mtandaoni. Vishushe, vunja kitu kimoja kwa makusudi, kisha andika ripoti ya dosari kama ile ya hapo juu. Ndiyo kazi ya kumwonyesha mwajiri.

Na ukishindwa, omba maelezo kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu upokee taarifa ya aliyeshinda. Ukichelewa hawalazimiki kukupa. Watakutajia udhaifu mkubwa wa andiko lako, bei na alama zako na za mshindi kwa jumla, na sababu za uamuzi, ila hawatalinganisha maandiko mawili mstari kwa mstari. Nenda na maswali juu ya sehemu ya mgongano wa maslahi kwanza, halafu wafanyakazi, halafu bei. Kama uliingia chini ya mkandarasi mkuu, haki hiyo ni yake, si yako, kwa hiyo weka kwenye makubaliano yenu, kabla ya kuwasilisha zabuni, kwamba atakupa nakala ya majibu yanayohusu sehemu yako.