Barua kwa mwanangu: shingo si kizazi

Mwanangu Rehema,

Barua yako nimeipata. Baba yako anakusalimu, mguu wake umepungua kuvimba. Umeniuliza kama uache tamoksifeni, kidonge chako cha kuzuia saratani ya titi isirudi, uhamie letrozoli, kwa kuwa majimaji ukeni yamekuchosha, hedhi haijarudi tangu dripu za mwisho za saratani, na umesikia tamoksifeni "inaleta saratani ya kizazi". Nitafika huko. Kwanza tuelewane neno kizazi, maana ndilo lililomponza shangazi yako.

Mwanamke akisema "nimepima kizazi", mara nyingi amepimwa shingo yake tu. Anapakwa siki, anamulikwa taa, anaangaliwa kama pana weupe. Saratani ya hapo inaletwa na kirusi cha HPV, na tamoksifeni haihusiki nayo. Kidonge chako kinagusa utando wa ndani, ule unaobanduka kila mwezi. Kwenye titi kinaizuia estrojeni, homoni ya kike; kwenye utando huo kinafanya kazi kama estrojeni yenyewe. Ndiyo maana utando hunenepa, vinyama huota, na kwa wachache, hasa waliokwisha koma hedhi, saratani huanza. Siki haifiki huko.

Shangazi yako alikuwa na miaka 61, mwaka wa nne wa kidonge. Unaikumbuka kanga yake ya zambarau. Doa lilikuwa dogo kama punje ya choroko, rangi ya maji ya ukwaju. Akaenda, akapakwa siki, akaandikiwa "hasi", tukapika pilau. Wewe ndiye uliyechambua mchele. Miezi saba akaendelea kufua vitambaa kimyakimya kwa sababu karatasi ilisema hasi. Alipokuja kuchukuliwa kinyama cha ndani, seli zilikuwa zimeshaanza kubadilika, akatolewa kizazi. Leo analima, alhamdulillahi. Ila ile miezi saba inaniuma mpaka kesho. Nikikaa peke yangu namlaumu aliyempima. Kisha nasema hapana, yule alifanya kipimo alichoombwa. Hakuna aliyemuuliza shangazi yako anameza dawa gani, na sisi tuliokula pilau tulikuwa tunajua.

Basi wewe, ukiona damu baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, hata iwe ya waridi au ya kahawia, hata iwe tone, nenda wiki hiyohiyo. Hedhi ikirudi kabla ya hapo, mwambie daktari na uandike tarehe. Na ikiwa nzito kuliko ulivyozoea, au ikatoka katikati ya mwezi au baada ya tendo, usingojee. Ukifika sema hivi: "Natumia tamoksifeni na natokwa damu, naomba niangaliwe ndani ya kizazi." Watapitisha mrija mwembamba shingoni mpaka ndani, wavute kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Maumivu ni kama ya hedhi kali, dakika chache. Muulize daktari kama unaweza kumeza ibuprofeni saa moja kabla. Na wakikupaka siki tu, shukuru, kisha uombe tena. Shingo si kizazi.

Kama hutoki damu, usijipeleke kupiga ultrasaundi kila miezi sita kama mwenzako wa kliniki. Tamoksifeni huvimbisha nyama iliyo chini ya utando na kuitia vishimo vya maji, kwa hiyo picha inaonyesha utando mnene ilhali ni mzima, na mtu anaishia kukwanguliwa bure.

Majimaji meupe au ya kung'aa, yasiyo na harufu, ni ya dawa. Yakiwa mazito kama mtindi na yanawasha, ni fangasi. Ya kijivu yenye shombo ya samaki, ni bakteria. Hayo yana dawa zake, upimwe kwanza.

Sasa hiyo letrozoli, inayopunguza estrojeni mwilini. Inafaa kwa mwanamke ambaye mayai yake yamekoma kweli. Wewe una miaka 41, na hedhi iliyokatizwa na dripu inaweza kuwa imelala tu. Ukimeza letrozoli peke yake, ubongo unaona estrojeni imeshuka, unayaamsha mayai; ndiyo dawa hiyohiyo wanayopewa wanaotafuta mimba. Kwa hiyo lazima iende na tiba ya kuyalaza mayai, kama sindano ya goserelini, miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, bila kuruka. Na hata kwenye tamoksifeni mimba inaingia, nayo dawa hiyo humdhuru mtoto. Tumieni kondomu au kitanzi cha shaba. Vidonge vya uzazi na sindano ya miezi mitatu ni homoni, usiviguse.

Ukihamia, majimaji yatapungua na ukavu utakuja. Estrojeni ikiisha, ngozi ya uke inakuwa nyembamba, bakteria wazuri wanapungua, tindikali inashuka, mkojo unachoma, tendo linachana. Tafuta jeli ya uke ya kutunza unyevu, uiweke usiku mara 3 hadi 5 kwa wiki, ndani na mlangoni, na usiihukumu kabla ya miezi miwili. Kilainishi cha wakati wa tendo ni kitu kingine, cha maji au cha silikoni. Mafuta ya nazi yanapasua kondomu. Sabuni, ndimu, shabu na kujifukiza udi, acha vyote. Shabu hukausha zaidi palipokwisha kauka. Maumivu yakiwa mlangoni, daktari anaweza kukupa lidokeini ya maji ya 4%: pamba iliyoloweshwa, dakika 3 kabla. Krimu ya estrojeni usinunue dukani. Hiyo ni ya kuzungumza na daktari wa saratani, na kwa aliye kwenye letrozoli tahadhari ni kubwa zaidi.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Ulimi unaniwasha. Katika utafiti wa ATLAS, kati ya wanawake 1,000 waliomeza tamoksifeni miaka 10, kama 31 walipata saratani ya utando wa kizazi baada ya mwaka wa 5. Kwa walioacha mwaka huo wa 5, kama 16. Lakini waliokufa kwa saratani ya titi katika kipindi hicho walikuwa kama 122 kwa waliomeza miaka 10, na 150 kwa walioacha. Nikizitazama namba hizo nataka kukuambia ubaki. Kisha nakumbuka kanga ile, nasita. Uamuzi ni wako na daktari wako, mwanangu, ila usiache kidonge kabla hamjakaa mkazungumza.

Andika kwenye kikaratasi tarehe ya hedhi ya mwisho na dawa zote unazomeza, hata za huzuni. Fluoksetini na paroksetini hupunguza nguvu ya tamoksifeni, na kama joto la ghafla linakusumbua venlafaksini ni afadhali. Ukitoka kliniki nipigie, hata ikiwa usiku.

Mama yako