Picha Ndiyo ya Njano, au Kioo Ndicho cha Njano?

Mwaka juzi nilipiga picha za sendofu moja Sinza. Usiku uleule nikakaa na laptopu kuzisafisha, maana mama wa bibi harusi alitaka azione asubuhi. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa cha njano: gauni, ukuta, hadi meno ya MC. Nikapunguza njano, nikaongeza buluu, nikaridhika, nikatuma. Kulipokucha ikaingia sauti WhatsApp: "Mwanangu, picha nimeziona, asante. Ila hawa ndugu zangu mbona kama wametolewa kwenye friji?"

Nikazifungua kwenye simu. Kweli, ukumbi mzima umepauka buluu.

Kamera haikuwa na kosa. Windows ina mwanga wa usiku, unaopunguza buluu kwenye kioo ili macho yasichoke, na ukiuruhusu unajiwasha wenyewe jua likizama. Hapa Dar jua linazama saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima, wakati ambao ndio kwanza nafungua laptopu. Njano niliyohangaika nayo ilikuwa ya kioo, mimi nikaitibu kwenye nyuso za watu.

Siku hizi rangi ikinitia shaka siigusi picha kwanza. Napiga skrinishoti, naituma kwenye simu. Skrinishoti inachukuliwa kabla rangi haijafika kwenye kioo, kwa hiyo kwenye simu ikionekana sawa, laptopu ndiyo inayodanganya: ama mwanga wa usiku, ama mipangilio ya rangi, ama kioo chenyewe, ama waya wake. Ikiwa mbovu na huko pia, anza kuishuku picha. Simu yenyewe nayo ihakiki, kwa sababu nyingi zina kinga ya macho inayofanya mchezo uleule.

Kipimo kingine nilikijua baada ya kioo kuanza kupiga pinki. Fundi wa kwanza Kariakoo alikitazama nusu dakika, akasema kimekufa, nilete hela ya kipya. Nikamwambia nitarudi. Nyumbani nikachomeka waya wa HDMI kwenye TV: rangi safi kabisa. Hapo nikajua chipu ya picha ni nzima. Kisha nikawa nafunga na kufungua mfuniko taratibu, na pinki ikawa inakuja na kuondoka. Kioo kilichokufa hakifufuki kwa kuchezeshwa mfuniko. Tatizo lilikuwa fleksi, ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Fundi wa pili aliibadilisha nikiwa nimesimama palepale, kwa hela isiyofika hata robo ya bei ya kioo. (TV ikionyesha uchafu uleule, hapo ndipo pa kuogopa, chipu hiyo mara nyingi imeunganishwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya laptopu.)

Kwa upande wa kamera, kinachotusumbua zaidi ni taa za kumbini. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin, namba ndogo ndiyo njano zaidi: balbu za njano ziko karibu na 3000, mchana wa jua ni kama 5500, na kamera ikiachiwa ijiamulie inayumba picha hadi picha. Mimi nabeba karatasi nyeupe ya A4. Nafika mapema, naipiga chini ya taa za jukwaani, kisha kwenye menyu ya WB (white balance, yaani mizani ya weupe) naiambia kamera kwamba huu ndio weupe wa leo. Napiga RAW pia, yaani faili ghafi la kamera, ili nikikosea niweze kurekebisha bila kuiumiza picha.

Ila taa za zambarau za wapambaji hazisikii dawa. Ngozi ikimulikwa kwa zambarau tupu, rangi zake nyingine hazikuingia kwenye kamera kabisa, na huwezi kurudisha kitu ambacho hakikupigwa. Zungumza na mpambaji kabla wageni hawajafika, umwombe taa nyeupe wakati wa keki na zawadi. Akikataa, tumia flashi, anune akinuna.

Mistari myeusi inayokata picha pia si ubovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, 1/50 au 1/100 ya sekunde, na kwenye video chagua PAL, mfumo unaoendana na hezi 50, mistari mingi itatoweka.

Picha zinazopauka baada ya kupakiwa mtandaoni? Angalia kama kamera iko kwenye Adobe RGB, mpangilio wa rangi ambao programu nyingi haziusomi vizuri. Irudishe sRGB, ule wa kawaida wa mtandaoni.

Na ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia joto la Machi, usiifungue begi papo hapo. Lenzi ya baridi inashika ukungu na picha zote zinakuwa maziwa. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa robo saa au zaidi, na ukungu ukiwa umeshaingia, usiifute lenzi kwa shati.