Fundi wa Deki Anajibu: Diski Ipi Inakataa?

Barua nilizochagua safari hii zote zinahusu deki na homu thieta. Nimezitengeneza mashine hizi tangu enzi za kanda za VHS, na karakana yangu iko Ngamiani, Tanga, ambako upepo wa chumvi hula shaba mwaka mzima. Nawaomba jambo moja wasomaji wangu. Usiniandikie tu kwamba deki imekufa. Niambie inakataa diski ipi na inakubali ipi, maana hapo ndipo ugonjwa unapojitaja wenyewe.

*Fundi, asalaam aleikum. Deki yangu inacheza CD za kaswida bila shida. Nikiweka DVD ya harusi yangu ya mwaka 2012 inazunguka, inahangaika, kisha inaandika NO DISC. DVD za sinema nilizonunua dukani mara inazisoma, mara inazikataa. Fundi wa mtaani kasema haifai tena, ninunue nyingine. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, na video yake niliyo nayo ni hiyo moja tu. – Mama wa Muheza*

Wa aleikum salaam, mama. Pole sana kwa msiba. Kwanza itoe hiyo DVD, irudishe kwenye kasha lake, uiweke kabatini mbali na jua. Usiijaribu tena kwenye hiyo deki mpaka tumalize mazungumzo haya.

Umenieleza vizuri kiasi kwamba ugonjwa nauona nikiwa huku Tanga. CD za kaswida zinacheza, maana yake mota inazunguka, umeme upo na trei ni nzima. Lakini nyuma ya lenzi moja ya deki, kile kijicho kinachosoma diski, mna leza mbili. Ya CD ina mwanga wa nanometa 780, ya DVD ina nanometa 650. Moja inaweza kuchoka nyingine ikabaki na nguvu zake. Tena vishimo vya data kwenye DVD ni vidogo zaidi na vimebanana, kwa hiyo vumbi ambalo CD inalivumilia linatosha kuipofusha DVD. Kisha DVD ya harusi ilichomwa kwenye kompyuta ya mpiga video, haikuchapwa kiwandani. Diski ya kuchomwa hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, ndiyo maana lenzi ikianza kudhoofika hizo ndizo hukataliwa mwanzo. Ya kiwandani hubaki mara ndiyo mara hapana, kama ulivyoandika.

Basi ni mojawapo ya mawili: lenzi ni chafu au leza ya DVD imechoka. Anza na uchafu, maana kuusafisha hakuna gharama kubwa. Chomoa plagi ukutani na uiache deki dakika kumi, kwa sababu kapasita za pawa saplai hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Fungua skrubu za mfuniko. Utaona lenzi chini ya trei, ukubwa wake kama punje ya dengu. Chukua kijiti cha pamba, kilowanishe kidogo kwa alikoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, upanguse taratibu bila kukandamiza. Lenzi ile imening'inizwa kwa nyaya nyembamba kama unywele. Usitumie manukato, petroli, thina wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha, maana lenzi nyingi ni za plastiki na zitapata ukungu usiotoka. Iache ikauke, halafu jaribu DVD ya dukani, siyo ya harusi.

Ikikataa bado, lenzi ibadilishwe, na hapo sisi mafundi tunamaanisha kikasha chake chote chenye leza. Kwenye kikasha hicho pameandikwa namba, nyingi ninazokutana nazo ni SF-HD62, SF-HD65 au KHM-313. Fundi anunue kwa namba, asinunue kwa sura. Na mwambie hivi, hata kama ataona unamfundisha kazi: lenzi mpya nyingi huja na tone la risasi ya kulehemu lililounganisha alama mbili ili umeme tuli usiue leza njiani. Tone hilo huondolewa baada ya utepe wa waya kuchomekwa. Lisipoondolewa, lenzi mpya nayo itaandika NO DISC. Nimeletewa lenzi zilizotupwa kwenye ndoo kwa ajili ya tone hilo tu, na mwenye deki kashalipa mara mbili.

Sasa diski yenyewe, na hili ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu. Deki itapatikana nyingine, hiyo harusi haipatikani tena. Itazame kwenye mwanga. Ikiwa na alama za vidole, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Kama mpiga video alibandika juu yake karatasi yenye picha ya bwana na bibi harusi, usiibandue. Ukiivuta unaweza kuondoka na tabaka la juu. Kisha tafuta mtu mwenye kompyuta yenye mlango wa DVD. Anakili folda yote iitwayo VIDEO_TS kama ilivyo, halafu akutengenezee na faili moja ya MP4 ya kutazama kwenye simu. Nakala moja ikae kwenye flashi kwako, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Kompyuta ikisema diski ni tupu, usikate tamaa wala usimruhusu mtu aiumbize upya (format). Huenda mpiga video hakuifunga alipomaliza kuichoma, na ziko programu za kusoma diski za namna hiyo.

Kaka yangu alifariki mwaka 2011. Sauti yake imebaki kwenye DVD moja, anatoa nasaha kwa binti yake, dakika nne hivi. Niliinakili jioni ileile nilipoipata, na mpaka leo kila mwaka naifungua ile nakala kuhakikisha bado inasomeka. Fanya hivyo, mama, wiki hii.

*Shikamoo fundi. Watoto wamechezea rimoti, sasa sauti inatoka lakini kwenye TV hakuna picha. Nimebadilisha nyaya zote. – Baba wa Korogwe*

Marahaba. Nyaya zako hazina kosa. Tafuta kwenye rimoti kitufe kilichoandikwa P-SCAN, V-MODE au VIDEO. Watoto wameihamisha deki itoe picha kwa njia nyingine isiyopita kwenye waya wa manjano. Toa diski, kisha bonyeza kitufe hicho mara moja, subiri sekunde tatu, bonyeza tena, mpaka picha irudi. Ikirudi bila rangi, ingia kwenye mipangilio uweke PAL, mfumo wa picha wa kwetu, au AUTO mahali pa NTSC, ambao ni wa Marekani, na uhakikishe waya wa manjano haukuchomekwa kwenye tundu la kijani, isipokuwa kama kwenye TV yako tundu hilo ni la pamoja kwa manjano na kijani.

*Fundi, shikamoo. Kaka yangu aliyeko Marekani amenitumia homu thieta ya Blu-ray ya spika tano na sabufa. Imefika Dodoma jana. Plagi yake ni ya vipini bapa viwili, nimepata adapta dukani. Nataka kujua tu nipange vipi spika. – Kijana wa Dodoma*

Marahaba mwanangu. Namshukuru Mungu umeandika kabla hujawasha, na nimekujibu kwa simu kabla ya gazeti kutoka. Ile adapta inabadilisha umbo la plagi tu, umeme inaupitisha vilevile. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Geuza mashine utazame bati la nyuma. Ikiandika 100-240V, chomeka bila hofu. Ikiandika 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe na wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye bati hilo. Ukichomeka moja kwa moja utasikia mlipuko mdogo na harufu ya kuungua. Bahati ikiwa upande wako imekufa fyuzi na kinga yake, isipokuwa hivyo pawa saplai nzima imekwenda. Nimezipokea nyingi za namna hiyo, zawadi za ndugu, ambazo hazikucheza hata wimbo mmoja.

Jambo la pili hutalisikia dukani. Kwa sinema za kiwandani, dunia imegawanywa katika kanda, yaani maeneo, na mashine husoma diski za eneo lake. Kwa DVD, Marekani ni kanda namba 1, Tanzania ni namba 5. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, sisi ni B. Mashine yako itakubali sinema atakazokutumia kaka yako na itakataa nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Afrika. Za kuchomwa, za harusi na kwaya, hazina kanda, lakini hapa kwetu nyingi ziko katika mfumo wa PAL, na mashine nyingi za Marekani zinajua NTSC tu. Kwa hiyo kama unayo deki ya zamani, usiigawe. Iunganishe kwenye tundu la AUX la homu thieta, sauti ya DVD zako itapita kwenye spika mpya.

Kuhusu spika: ya katikati iwe chini au juu ya TV, maana maneno ya waigizaji hutokea humo. Mbili za mbele ziwe kushoto na kulia kwa kimo cha masikio ukiwa umekaa, mbili za nyuma pembeni mwako nyuma kidogo. Sabufa haina ubishi, jaribu kona. Hakikisha waya wenye mstari unaingia upande uleule kwenye kila spika, la sivyo besi itapotea.

*Homu thieta yetu inaandika PROTECT na kujizima. Imekwisha? – Dada wa Pangani*

Hapana, dada, inajilinda. Chomoa spika zote, washa mashine peke yake. Ikikaa bila kuzima, kuna waya wa spika uliogusana, na mara nyingi ni panya aliyekula ganda au mahali waya unapopita chini ya kabati. Zima, rudisha spika moja, washa. Endelea hivyo moja moja mpaka umpate mkosaji. Ikizima hata bila spika, hapo ipeleke kwa fundi.

*Fundi, salaam kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 71. Nina VCD na DVD za taarab na za kwaya, karibu sabini. TV yangu mpya ina matundu ya HDMI tu. Muuzaji ananishawishi ninunue Blu-ray, na pembeni ananionyesha homu thieta ya wati 12,000. Nichukue ipi?*

Shikamoo mwalimu. Kwa diski ulizo nazo, chukua deki ya kawaida ya DVD yenye HDMI. Blu-ray ni nzuri kwa mwenye sinema za Blu-ray, zinazobeba GB 25 au 50 penye 4.7 au 8.5 za DVD, lakini wewe huna hata moja, na deki nyingine za Blu-ray hazisomi VCD kabisa. Hizo taarab zako za VCD ndizo ningezihofia. Tena uchaguzi unapungua: Oppo waliacha kutengeneza mwaka 2018, na Samsung wakatangaza mwaka 2019 kwamba hawataleta deki mpya za Blu-ray Marekani. Ukipata DVD nzuri sasa, inunue.

Zile wati 12,000 ni za PMPO, hesabu ya kupamba sanduku. Mwombe muuzaji aigeuze, usome matumizi ya umeme kwenye bati. Ukikuta wati 60, mwalimu, mashine inayokula 60 haiwezi kukutolea 12,000 hata 1,000 za kudumu. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani wati za kudumu, na kwa sebule ya kawaida 40 au 50 za kweli zinatosha kufanya majirani wajue unasikiliza nini.

Ukiunganisha ukaona picha bila sauti, ingia mipangilio ya sauti ya deki, ubadilishe RAW au Bitstream iwe PCM. TV nyingi haziwezi kufungua sauti ya DTS, na watu hurudisha deki nzima dukani kwa sababu hiyo.

Na usinunue kwa kuonyeshwa sinema ya muuzaji. Beba diski zako tatu: VCD moja, DVD moja ya kiwandani, na ile ya kwaya iliyochomwa ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Iweke hiyo mbaya, uruke mpaka wimbo wa mwisho, maana data ya mwisho iko ukingoni na hapo ndipo lenzi dhaifu hukwama. Isikilize mpaka iishe, ukiwa umekaa, hata kama muuzaji ana haraka.